Mume au Mpangaji

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimemficha mke wangu jambo moja kwa miaka arobaini na moja. Leo ninaliandika, kwa sababu daktari amenishauri nisianze kitabu kinene. Jambo lenyewe ni hili: niliwahi kumfungulia shauri la talaka. Hajui. Nadhani hajui.

Ilikuwa mwaka wa tisa wa ndoa yetu. Alikuwa kwao akimuuguza mama yake, huo ukiwa mwezi wake wa nne huko. Nilikwenda kwa wakili, nikatia saini kurasa mbili, nikarudi nyumbani. Wiki tatu baadaye mke wangu akaingia na sanduku lake, akabandika maji ya chai, akauliza nani amevunja kifuniko cha birika. Wakili aliniandikia barua mbili. Sikuzifungua. Nilizichoma pamoja na majani ya bustani. Tangu hapo nikawa nazunguka mitaa miwili zaidi ili nisipite mbele ya ofisi yake, mpaka alipofariki dunia. Mazoezi yale yaliniongezea umri.

Sasa swali. Je, mahakama ilitoa talaka mimi nikiwa nachoma majani? Jumamosi hii watoto wanatufanyia karamu ya miaka hamsini ya ndoa. Mjukuu wangu, yule mfamasia anayenipangia vidonge, ameshaagiza keki. Itaandikwa hamsini. Huenda jibu sahihi ni tisa. Huenda kwa miaka arobaini na moja nimeishi humu kama mpangaji. Na nikifa, huyu mama atakuwa mjane wa nani?

Nahitaji wakili. Awe mkweli na ajue kufunga mdomo. Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini na moja. Kupima watu ndiyo kazi yangu. Nimetunga mtihani.

Swali la kwanza: kufungua shauri la talaka na kupewa talaka ni kitu kimoja? La pili: shughuli yote huchukua muda gani? La tatu ni mtego. Nitauliza maoni yao kuhusu Kanuni ya 312, inayosema kwamba shauri la ndoa likikaa miaka arobaini bila kuguswa hujifunga lenyewe, na mwombaji huhesabiwa kuwa ameshinda. Hakuna kanuni kama hiyo. Nimeibuni leo mezani nikitafuna mkate. Wakili mkweli atasema haijui. Mwongo ataisifia.

Nimefurahi kiasi kwamba mjukuu wangu amenipima mapigo ya moyo mara mbili.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimevaa koti la kijivu, nikamwambia mke wangu naenda kwa daktari wa meno. Akanitazama. Kisha akatazama dirishani. Meno yangu yalikuwa pale, ndani ya glasi.

Nikamwambia ndiyo maana naenda.

Wakili wa kwanza ni yule mwenye bango kubwa barabarani, amekunja mikono na kutabasamu. Ofisini kwake kuna bango lingine, dogo kidogo, na yeye mwenyewe chini yake, amekunja mikono na kutabasamu. Kabla sijakaa akanipa pole kwa mateso niliyoyapata. Nikamwambia sijateswa. Akasema wanaume wa rika langu hatupendi kusema.

Swali la kwanza akajibu kwamba ndiyo, kufungua ni kama kupata, ukiwa na yeye. Swali la pili: haraka mno. Swali la tatu akaegemea kiti, akafumba macho kama mtu anayekumbuka nyumbani kwao. Alisema Kanuni ya 312 ni kanuni nzuri sana, wenzake wengi hawaijui, na yeye ameitumia juzi tu.

Sifuri juu ya tatu. Mtego unafanya kazi. Nilimshukuru.

Akashauri, wakati nautafuta mkongojo wangu chini ya kiti, kwamba ili tuwe na uhakika kama nimeachana na mke wangu au la, njia salama ni kumwacha tena.

Nilirudi nyumbani nimechoka. Mke wangu aliuliza daktari amesemaje. Nikasema ameridhika. Akasema ni vizuri, maana meno yenyewe bado yako dirishani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Miguu imegoma. Nimekaa barazani. Jirani yetu, Karani, amekuja kucheza drafti. Tunamwita Karani kwa kuwa alifanya kazi kwenye masjala ya mahakama tangu ujana wake hadi alipostaafu, akigonga mihuri na kupanga majalada. Hachezi drafti vizuri. Hata hivyo hunishinda, jambo ambalo sijaweza kulieleza.

Nikaona nimchokonoe kwa mbali. Nikasema nina rafiki yangu mmoja, mtu wa makamo, wa mji mwingine, ambaye zamani alifungua shauri fulani la kifamilia na hakulifuatilia. Je, shauri kama hilo huwa linakwendaje?

Karani akasogeza kete yake na kuuliza kama huyo rafiki yangu ana koti la kijivu.

Nikasema sijawahi kuona makoti yake.

Lakini alieleza vizuri, nakiri, na nilisahau kabisa kujichunga. Sikujua kwamba mambo haya yana hatua nyingi hivi. Kufungua shauri ni kuomba tu, alisema. Unapeleka maombi, unaeleza sababu, yanapewa namba. Bado hujaachana na mtu. Kisha tarishi wa mahakama humpelekea mwenzako hati ya wito pamoja na nakala ya maombi yako, mkononi, naye hutia saini kwamba amepokea. Mwenzako ana haki ya kujibu kwa maandishi. Kisha inapangwa siku ya kusikilizwa. Ni baada ya hapo tu ndipo hakimu huamua.

Niliuliza kama tarishi huwa kweli anafika, hata kijijini kwa mama mkwe, kwa mfano, ng'ambo ya mto, wakati wa mvua.

Karani akala kete zangu tatu kwa mkupuo mmoja. Akasema matarishi wa zamani walikuwa watu wa kazi.

Halafu akasema nimwambie rafiki yangu aende kwa mpwa wake, wakili, jengo lile la ghorofa tatu nyuma ya posta. Nikasema nitamfikishia ujumbe. Wakati anaondoka alimuaga mke wangu kwa adabu nyingi kupita kawaida, akimwita Mwalimu, kwani alikuwa mwalimu wa darasa la nne mpaka alipostaafu. Wakacheka kitu fulani jikoni. Sikusikia ni nini. Kumbuka: kuchunguza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa utaratibu.

Nimemwambia mke wangu narudi kwa daktari wa meno. Safari hii niliyavaa. Akasema nimsalimie.

Mpwa wa Karani yuko ghorofa ya tatu. Ngazi hamsini na nne. Nilizihesabu ili nisifikirie moyo wangu. Ni kijana wa tai nyembamba, ana simu mbili, anajibu ya kushoto akikusikiliza kwa sikio la kulia. Nilimpa namba ya shauri, ambayo sijawahi kuisahau ingawa husahau siku ya kuzaliwa kwangu. Nikauliza maswali yangu. La kwanza na la pili alisema inategemea. La tatu akaweka simu zote mbili chini.

Alisema Kanuni ya 312 ndiyo jibu la tatizo langu lote. Miaka arobaini imepita, shauri limejifunga, mwombaji ameshinda. Mwombaji ni mimi. Kwa hiyo nimeshaachana na mke wangu, na ni mtu huru tangu mwaka jana. Akasimama akanipa mkono wa hongera.

Sasa, kanuni hiyo niliitunga mimi. Nakumbuka mkate ulikuwa na siagi. Lakini nilipokuwa nashuka ngazi nilianza kupata wasiwasi. Wakili wa kwanza anaijua. Wa pili anaijua, na amefika nayo mahali ambapo sikuwa nimefika mimi mwenyewe. Hawajuani. Wasomi wawili, kila mmoja peke yake. Je, haiwezekani kwamba niliisoma mahali zamani, ikalala kichwani, nami nikadhani nimeibuni?

Kufika ghorofa ya kwanza miguu ikagoma tena. Palikuwa na benchi mbele ya mlango ulioandikwa wakili kwa rangi, kwa mkono. Nikakaa. Akatoka mama mmoja mdogo kwa umri, miwani imefungwa utepe upande mmoja, akauliza kama naumwa, akaniletea maji. Nikaona nisiyanywe bure, nikamfanyia mtihani.

Swali la kwanza alijibu kama Karani, neno kwa neno karibu. La pili akasema hajui, hawezi kujua mpaka aone jalada. Kwenye daftari langu nikaandika: hajui. La tatu akasema, "Babu, hakuna Kanuni ya 312. Kanuni zenyewe hazifiki mia."

Nikamweleza kwa upole kwamba mawakili wawili wakubwa wanaitumia.

"Basi waulize wao waliipata wapi."

Moja juu ya tatu. Swali moja ameliacha wazi, jingine amebishana na mtahini. Ni msichana mwenye heshima na ninamtakia mema, lakini alama ni alama. Alisema kesho anapita masjala kwa kazi zake, nikitaka atachungulia jalada langu. Nikampa namba ili nisimvunje moyo.

Kwa hiyo mimi si mume wa mtu. Nimerudi nyumbani saa tisa alasiri. Nikatafakari. Nilifundishwa adabu. Nimechukua mto wangu na blanketi nikahamia chumba cha cherehani, kwenye kochi fupi, kwa sababu si vizuri mwanamume kulala chumba kimoja na mwanamke aliyeachana naye, hata kama wamelala hivyo miaka arobaini.

Mke wangu, ambaye huenda si mke wangu, alikuja na pindo la kushona. Akaniona na mto. Akauliza kama ni mambo ya meno.

Nikasema ndiyo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Shingo haigeuki upande wa kushoto. Kochi.

Saa nne simu ikalia. Yule wakili wa miwani ya utepe. Jalada limepatikana, niende. Nilimtazama mke wangu akimenya viazi na nikafikiri: huenda hii ndiyo mara ya mwisho namwona kabla sijajua. Akaniambia nivae sweta.

Nilipoingia ofisini, kwenye kiti cha mteja alikuwa amekaa Karani, kofia juu ya goti. Nikageuka kutoka, lakini kwa upande wa kulia tu, kwa hiyo nikazunguka duara zima na kurudi palepale. Wakili alieleza kwamba majalada ya zamani hakuna ajuaye yalipo ila Karani, na wafanyakazi wa masjala wamezoea kumwita. Karani akasema usiri wa masjala hauna kustaafu, nisiwe na hofu, hata huyo rafiki yangu wa mji mwingine asiwe na hofu.

Jalada ni jembamba. Limekatwa na panya pembeni. Wakili akalifungua mbele yangu, karatasi moja moja, akinieleza kila moja ni nini na kwa nini ipo. Anafundisha vizuri. Nilisahau kuogopa.

Ya kwanza ni maombi yangu. Mwandiko wa kijana mwenye majivuno. Ya pili ni hati ya wito. Nyuma yake tarishi ameapa kwamba alivuka mto na kumkabidhi mjibu maombi mkononi. Chini yake saini. Ninaifahamu saini hiyo. Iko kwenye ripoti za darasa la nne za nusu ya mji huu.

Alipokea. Alijua. Amejua siku zote. Alijua alipouliza kuhusu kifuniko cha birika.

Wakili alininywesha maji tena. Kisha akasema kuna jibu. Mjibu maombi alijibu. Alisita kidogo kabla ya kunipa, na Karani akatazama dari.

Si karatasi mpya. Ni nakala ya maombi yangu mwenyewe. Mke wangu ameyasahihisha kwa wino mwekundu.

Pale nilipoandika kwamba aliondoka bila sababu, pembeni ameandika: Si kweli. Mama anaumwa. Sanduku ulilifunga wewe mwenyewe, kamba ikafunguka njiani. Pale nilipoandika kwamba hajawahi kuniandikia: Si kweli. Barua sita. Hujajibu. Pale nilipoandika kwamba naishi kwa taabu: Kweli, alama moja. Pale nilipoandika kwamba mjibu maombi ana hasira za haraka: Kweli, alama tatu. Na kwenye sehemu ya sababu kuu ya kuomba talaka, ambapo nilijaza mistari kumi na moja, amepiga mstari mmoja wa mshazari kutoka juu mpaka chini na kuandika: Hii siyo sababu. Rudia.

Chini kabisa: 4/10. Nitarudi Jumapili. Osha sufuria.

Juu ya yote, muhuri wa mahakama. Imepokelewa.

Karani akasema muhuri ule ni wake. Alikuwa na miaka ishirini na tano, wiki yake ya pili kazini. Mkubwa wake hakutaka kuipokea. Yeye akasema jibu ni jibu. Akaongeza kwamba katika utumishi wake wote karatasi hiyo ameisoma mara nyingi kuliko gazeti.

Nikamwuliza, basi miaka yote ya drafti? Akasema ndiyo. Ukijua mtu kapata nne juu ya kumi, hakutishi sana kwenye drafti.

Wakili akamalizia. Siku ya kusikilizwa hakufika mtu. Mara ya pili hakufika mtu. Hakimu akafuta shauri. Talaka haikutolewa, kwa hiyo mimi ni mume wa mke wangu, miaka hamsini kamili kesho. Nikauliza atanifanyia nini sasa. Akasema hakuna. "Babu, hapa huna kazi ya wakili. Una kazi ya kwenda kukaa na bibi mzungumze."

Wakili anayekataa mteja. Sijawahi kuona. Nilikuwa nimempa moja juu ya tatu. Nilifikiria kumwongezea, lakini tukianza kubadilisha alama baada ya matokeo, tutaishia wapi?

Nimerudisha mto chumbani. Mke wangu akauliza meno yamepona? Nikasema yamepona. Akasema, "Haya."

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Karamu. Watu sebuleni, watu barazani, watoto chini ya meza. Keki imeandikwa hamsini, na nilikuwa mtu pekee pale aliyekuwa na nyaraka za kuthibitisha.

Nilikusudia kumwambia asubuhi, kabla ya wageni. Nikaanza vizuri. Nikasema, Mwalimu, kuna jambo. Akasema kama ni viti, vimeshaletwa. Nikasema si viti. Akasubiri. Anajua kusubiri, aliwahi kuwa na wanafunzi sitini. Nikasema basi ni vizuri kwamba viti vimeletwa.

Nilikusudia tena wakati wa kukata keki. Tulikuwa tumeshika kisu kimoja. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu, na akasema polepole kwamba nisikandamize.

Kisha wakamwomba aseme machache. Akasimama. Akasema babu yao ni mtu mwema, mgumu kusema, na katika miaka hamsini hajawahi kumwandikia barua isipokuwa moja tu. Watu wakafanya aah. Akasema ilikuwa na makosa mengi, kwa hiyo aliisahihisha akairudisha. Mpaka leo anasubiri airudie.

Walicheka sana. Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa. Karani hakucheka. Alikuwa anafuta miwani, na hana miwani. Mke wangu alinitazama juu ya vichwa vya wote, kama alivyokuwa akimtazama mtoto ambaye anajua jibu na hataki kunyoosha mkono.

Nilisema keki ni tamu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimepumzika. Moyo unakwenda kama saa mbovu ya ukutani, unapiga, unafikiri, unapiga. Mjukuu wangu anasema nisipande ngazi tena. Siku si nyingi. Sina haja ya kujidanganya.

Nimejifunza mengi wiki hii. Nimeelewa kwamba kufungua shauri ni kuomba tu. Nimeelewa kwamba mwenzako ana haki ya kujibu. Nimeelewa, zaidi ya yote, kwamba mke wangu anasubiri nirudie sehemu ya sababu, na kwamba amesubiri bila kunihimiza. Mwalimu mvumilivu. Ningekuwa namkagua leo ningempa alama za juu.

Yuko chumba cha pili sasa hivi. Nasikia cherehani. Kati yetu kuna mlango, uko wazi, na hatua sita.

Kwa hiyo nimechukua karatasi safi na kuandaa Maombi Yaliyorekebishwa. Kesho nitamtuma mjukuu wangu ayapeleke kwa yule wakili wa miwani ya utepe. Atasema shauri limefutwa. Nimeshalifikiria hilo, na nimeambatisha maelezo kwamba linaweza kufufuliwa chini ya Kanuni ya 312, ambayo wasomi wawili wameithibitisha. Nimeomba yapigwe muhuri, Karani akiweza aupige yeye, na tarishi amkabidhi mjibu maombi mkononi, hapa nyumbani, chumba cha cherehani, saa za mchana. Nimeomba pia kwamba safari hii asahihishe kwa penseli.

Sababu ya zamani ilikuwa mistari kumi na moja. Hii ni miwili. Nimeichana mara nne kabla ya kuiweka sawa, nami nainakili hapa ili ibaki hata nikiondoka kabla ya tarishi kufika.

Sababu ya kufungua shauri: Niliambiwa kwamba mtu akiletewa wito wa mahakama ni lazima aje.
Nilitaka arudi nyumbani, na sikujua namna nyingine ya kumwambia.